Betri ya Jumapili

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekuwa babu! Mtoto kazaliwa tangu Mei, lakini leo ndiyo nimekuwa babu rasmi. Losalini binti yangu kapiga simu kutoka Australia. Nikakimbia na simu hadi ukuta wa kanisa, maana ndipo mtandao unapokamata. Mtoto atabatizwa Jumapili hii. Wakwe zake wametuachia sisi heshima ya kutoa jina, na wa kulitamka ni mimi, kwa video, nikiwa hapa hapa kijijini Nawaidranu. Mchungaji wa huko atauliza mtoto aitwe nani, kanisa zima litanyamaza, na mimi nitajibu.

Nitajibu: Emosi.

Sijamwambia mtu. Hata Vasemaca, mke wangu, sijamwambia. Kijiji hiki kina akina Maciu saba, wote wamepewa jina la Maciu mmoja, binamu yangu, mtoto wa shangazi. Ukiita "Maciu" kule mtoni, nusu ya wanaume wanageuka. Mimi nimefika umri huu sina somo hata mmoja. Kisiwa kizima kina Emosi wawili tu: mimi, na mbwa wa Maciu.

Ndiyo, kampa mbwa jina langu. Hapa kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani, na mtani hashtakiwi. Unacheka naye. Nimecheka tangu mbwa yule akiwa mdogo. Mpaka leo sijaona kinachochekesha.

Tatizo ni moja tu. Jumapili jenereta ya kijiji haiwashwi, ni siku ya Bwana. Sola ya nyumba yangu inatosha taa na simu, basi. Kwa hiyo laptopu aliyoniletea Losalini itabidi isimame kwa miguu yake mwenyewe mpaka mtoto apate jina. Leo nimeijaribu. Juzi Jumamosi ilijaa chaji pomoni. Asubuhi nikafungua mtandao, nikasoma habari za raga, basi. Sikumaliza kikombe cha chai.

Ikazima.


Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua! Ni joto. Nimeshika kitako cha laptopu, moto kama sufuria ya magimbi. Betri inakufa kwa joto, hata mimi ningekufa.

Vasemaca ana boksi la barafu, kahifadhi kolekole wa karamu ya Jumapili. Nikaifunga laptopu kwenye mfuko wa plastiki, nikailaza juu ya samaki, nikafunika. Akili, hiyo! Nikaenda kukata kuni huku napiga mluzi.

Niliporudi Vasemaca alikuwa amesimama mbele ya boksi, kashika kiuno. Akaniuliza kama huyu naye ni wa kupara magamba au anapikwa hivi hivi. Mfuko ulikuwa na tundu. Ilibidi niianike laptopu juani ikauke, ikapata joto kuliko mwanzo. Sasa inanuka kolekole, na kibonyezo cha herufi ya E kimekwama. Herufi ya kwanza ya jina langu. Sipendi dalili hiyo.

Mchana mpango wa pili. Nimepunguza mwanga wa kioo hadi mwisho kabisa. Betri ikadumu zaidi, nakiri. Lakini sikuona kitu. Nikafungua video ya majaribio, nikaona kivuli cha mzee mmoja mwenye sura ya huzuni, nikampungia mkono, naye akanipungia. Tukapungiana hivyo muda mrefu. Kumbe mimi mwenyewe.

Jioni kaja Maciu. Kakaa mkekani, kanywa chai yangu, kasifu samaki aliyekuwa anamsikia harufu. Halafu akaomba laptopu, ana kitu kidogo anataka kutazama. Hapa jamaa akikuomba kitu humnyimi, na mtani ndiyo kabisa. Nikamwambia laptopu inaumwa. Akasikitika sana. Akasema kesho kutwa atakuja kumjulia hali mgonjwa.

Kitu kidogo gani? Wiki hii hii?


Jumatano, 6 Agosti

Losalini kapiga tena. Nimemweleza habari za betri. Akaniuliza nina kurasa ngapi za mtandao zilizo wazi. Nikaanza kumhesabia, akanikatisha katikati. Kasema ndizo zinazokula betri, hata kama siziangalii, hasa zile zenye video zinazoendelea. Kasema nizifunge zote.

Rahisi kusema ukiwa Australia! Huko mtu ana laptopu yake peke yake. Hii yangu imezunguka kila nyumba, na kila aliyeiomba kaacha ukurasa wake. Shangazi Kelera ana dawa ya magoti, husoma mistari miwili mitatu, akirudi anaendelea. Akina mama wa ushirika wana mitindo ya kusuka mikeka. Mchungaji wetu ana hubiri zuri la mtu mwingine, kafika katikati, na sisi waumini tumefika katikati pamoja naye. Utamfungiaje mtu ukurasa wake bila kumwomba? Ni sawa na kuingia nyumbani kwake ukazima jiko.

Na juu ya wote kuna ndege wa Ratu.

Ratu Peceli, chifu wetu, aliichukua laptopu mwezi wa tano. Iliporudi ilikuwa na pengwini ndani. Video ya moja kwa moja, kutoka huko kwenye barafu, mchana na usiku. Hawafanyi lolote. Wanasimama tu, kama wazee wa kanisa wanaosubiri sahani ya sadaka. Sasa, nani atafunga ukurasa wa chifu? Nyumbani kwake hata kusimama wima hatusimami. Nilichothubutu ni kuondoa sauti, na kabla ya kuiondoa nilipiga makofi ya heshima mbele ya kioo, inavyotakiwa.

Nimemweleza Losalini yote haya. Akasema ni ukurasa tu, baba. Binti yangu kapotea huko.

Mwisho akauliza kama nimeshafikiria jina. Nikasema Mungu ataongoza. Akasema yeye anataka tu jina la mtu atakayempenda mtoto. Nikajua anamsema nani. Losalini alisoma sekondari mjini Suva, na miaka yote ile aliishi kwa Maciu, Maciu alipokuwa kazini bandarini. Maciu ndiye aliyekuwa akimpeleka shule akiwa na homa, ndiye aliyekaa naye kwenye hesabu zake. Kijiji kizima kinajua. Shangazi Kelera, mama yake Maciu, tayari anazungumza habari za "Maciu wa nane" kana kwamba jambo limekwisha.

Saba hawatoshi?


Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya vita. Nimeshindwa.

Alfajiri niliificha laptopu ndani ya gunia la mchele. Nikasahau kwamba nyumba hii inakula mchele. Vasemaca kachota, kikombe kikagonga. Hakusema kitu. Kaitoa, kaifuta, kaiweka mezani, halafu akaendelea kuchota. Ningependa angesema kitu.

Hapo hapo kaingia Maciu na mapapai mawili, ya kumletea mgonjwa. Kayaweka kando ya laptopu kwa upole, kalaza mkono juu yake, akasema homa imeshuka. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Maciu akaiomba tena, mbele yake. Ningefanya nini? Nikampa. Nikampa huku nacheka, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nimeelewa mpango wake. Anataka kuimaliza betri kwa makusudi! Ikifa Jumapili mimi nitakuwa bubu, halafu yeye na simu yake mpya atajitokeza kuokoa jahazi, na atakayeokolewa ni Maciu wa nane. Nikaamua kumpeleleza. Nikatambaa nyuma ya minanasi hadi karibu na baraza yake. Alikuwa kavaa miwani, kainamia kioo, anasoma, halafu anaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu. Anasoma, anaandika. Mtu mwenye nia njema haandiki kiganjani.

Mara mbwa akanigundua. Bado nanuka kolekole, nadhani. Kaja kunilamba masikio, mkia unapiga minanasi yote. Maciu bila kuinua kichwa akaita, "Emosi, toka huko."

Nikainuka.

Tukatazamana. Mbwa alikuwa ameshakaa miguuni pake, mtiifu kuliko mimi. Maciu akasema, "Karibu chai, binamu. Nilikuwa namwita mwenzako."

Nikanywa chai yake, miiba mapajani. Laptopu kairudisha jioni, betri sifuri kama nilivyotabiri. Na kaacha ukurasa wake mpya humo ndani. Sijausoma. Ni ukurasa wa mtu.


Ijumaa, 8 Agosti

Mkutano wa kijiji leo. Nilikuja na mpango mkubwa: jenereta iwashwe Jumapili, mara hii moja tu. Nilisema ubatizo ni kazi ya Bwana. Nilisema dizeli nayo kaiumba Bwana. Mchungaji akajibu kwamba Bwana alipumzika siku ya saba na hakuhitaji jenereta. Watu wakatikisa vichwa kumwafiki. Nikaona nazama.

Hapo akasimama Maciu. Kuniunga mkono! Akasema mjukuu wa Emosi ni mjukuu wa kijiji. Akasema bahari imetutenga na watoto wetu, na kidogo tunachobaki nacho ni kuwaona nyuso na kuwaita majina. Alisema vizuri sana. Shangazi Kelera alijifuta macho. Hata Ilaitia, mwenyekiti wa kijiji, aliacha kutafuna njiti ya kiberiti.

Nikashtuka. Kwa nini ananisaidia? Mtego uko wapi? Jenereta ni yake kuiendesha, yeye ndiye fundi! Akiwa na mkono wake kwenye swichi siku ya Jumapili, si ataizima wakati wowote atakao?

Nikasimama nikapinga. Nilipinga ombi langu mwenyewe, kwa nguvu, nikataja amri za Mungu. Kura zikapigwa. Tumeshindwa, na kura yangu ilikuwa upande wa waliotushinda.

Tukirudi nyumbani Vasemaca alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika mlangoni akaniuliza nina nini mimi. Nikamwambia ataelewa Jumapili. Akasema tangu tuoane anasubiri Jumapili hiyo.


Jumamosi, 9 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Nimeamka nimekata shauri: ndege lazima waondoke, na waondoke kwa utaratibu.

Nikachukua bunda zuri la mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya msiba mkubwa. Nikavaa shati la kanisani. Nikaingia kwa Ratu Peceli kwa magoti, nikapiga makofi, nikaweka bunda mbele yake. Nikaeleza kwa maneno marefu, ya heshima, kwamba nyumba yangu ndogo imepata bahati ya kuhifadhi ndege wake tangu mwezi wa tano, kwamba hawajapungua hata mmoja, na kwamba, kwa unyonge wangu wote, naomba ruhusa ya kuwafunga.

Ratu aliligusa bunda, akalipokea. Halafu akasema, "Emosi, mimi ndege wale niliwakuta humo. Wametokea wenyewe mara nilipofungua. Nikajua ni wako. Nikaona haya kumfungia mtu ndege wake."

Tangu mwezi wa tano! Si wangu, si wake. Wamekula betri yangu miezi yote hii, wageni wasio na mwenyeji.

Nilitaka kuondoka mbio nikawafunge, lakini yaqona ikishapondwa huondoki kabla ya chifu. Bakuli likazunguka. Likazunguka tena. Ratu akaniuliza, kwa haya kidogo, kama ndege wale bado wanaendelea vizuri. Nikasema wazima. Akasema yule mfupi wa kushoto alimpenda. Nimetoka pale ulimi umekufa ganzi na jua limeshapinda, na laptopu nyumbani ilikuwa wazi muda wote, pengwini wamesimama.

Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa zilizobaki. Shangazi Kelera akasema nifunge tu, magoti ni yale yale. Akina mama wakasema mikeka imeshasukwa. Mchungaji akatazama huku na huku, akasema hubiri gani.

Ukabaki ukurasa wa Maciu. Yeye hakuwepo, alikuwa anapakua dizeli kwenye boti. Kwa mtani nikaona sihitaji ruhusa, nikaufungua. Kichwa cha habari: jinsi ya kuzuia betri ya laptopu isiishe haraka unapotumia mtandao. Kaushusha mpaka chini kabisa. Kausoma wote!

Mnaona? Anayetaka kumpa mtu sumu, kwanza anasoma dawa. Nikaufunga haraka kabla sijaona maelekezo yake yanakwenda wapi.

Sasa hivi jenereta inanguruma, laptopu inajaa. Hakuna ukurasa hata mmoja. Inaonekana mpweke kidogo. Nimeifanyia mazoezi hotuba yangu mbele ya mapapai.


Jumapili, 10 Agosti

Naandika polepole.

Asubuhi ilikuwa asilimia mia. Mia! Nikaifunga, nikaenda ibadani. Baada ya wimbo wa kwanza nikatoka nikaitazame kama bado mia. Ilikuwa tisini na tisa. Nikashtuka, nikaitazama tena baada ya sala. Tena baada ya sadaka. Kila nikiiamsha kuangalia imepungua, na kila ikipungua naangalia zaidi. Vasemaca akanishika shati nikae.

Adhuhuri tulitandika mikeka kivulini, chini ya ukuta wa kanisa. Ukoo mzima. Laptopu nikaiweka juu ya bati la biskuti, juu ya kitambaa cheupe. Ratu Peceli akafika mapema, akaketi mbele. Akatazama kioo kitupu. Akanong'ona kama ingewezekana, kwa kuwa bado mapema, awaage wale ndege.

Ningemkatalia chifu? Nikawafungua. Yule mfupi alikuwepo. Ratu akafurahi kama mtoto. Halafu Losalini akapiga, uso wake ukajaa kioo, watu wakashangilia, na ndege nikawaacha huko nyuma. Sikuwafunga. Sasa ni wa Ratu kweli, mbele ya mashahidi.

Nikamwona mjukuu wangu. Mweupe kwa nguo, mweusi kwa nywele, na masikio yangu. Masikio yangu kabisa! Mchungaji wa huko akamnyanyua, akageukia kamera, akauliza: "Mtoto huyu aitwe nani?"

Betri ilikuwa asilimia kumi na tisa. Inatosha! Lakini jina halirushwi kama mfupa. Nikakaa vizuri, nikakunja miguu, nikaanza kama inavyotakiwa. Nikasalimu nyumba ya Ratu. Nikasalimu nyumba za wakwe, moja moja, kwa vyeo vyake. Nikasalimu nchi, bahari, waliotuletea Injili, kanisa lile na lile, wauguzi wote wa Australia. Hapa kwetu hotuba haikatizwi, na hakuna aliyeikatiza. Vasemaca alikohoa. Nikachukua kama kuniunga mkono. Akakohoa tena, nikaongeza salamu za upande wake. Nilisema vizuri kuliko maisha yangu yote. Nikafika kileleni, nikavuta pumzi, nikasema, na kwa heshima zote hizo, jina la mtoto huyu ni

Kioo kikawa cheusi.

Nikajiona mimi mwenyewe humo, mdomo wazi. Hakuna aliyesogea. Kwa mbali nilisikia bahari.

Halafu ikalia simu ya Maciu. Alikuwa amesimama juu ya jiwe la ukutani, pale mtandao unapokamata zaidi. Losalini. Tulimsikia sote, sauti inatetemeka: mchungaji amemshika mtoto, ameshamtia maji, watu wanasubiri, mjomba, jina ni nani? Nikataka kuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa hotuba. Nikaanguka ubavu, nikalala pale mkekani na bati la biskuti. Kila mtu kamgeukia Maciu. Shangazi Kelera alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikajua kimekwisha. Na lililonichoma ni kwamba angekuwa na haki. Nililijua hilo wiki nzima.

Maciu akanitazama nikiwa chini. Kanitazama kidogo tu.

"Emosi," akasema kwenye simu. "Mtoto aitwe Emosi, kama baba yako. Ndiyo. Yuko hapa, ameelemewa na furaha."

Tukasikia kanisa la huko limeitikia. Emosi. Sauti za watu wengi nisiowajua, wote kwa pamoja, wanasema jina langu, na hakuna anayemwita mbwa.

Maciu akashuka jiweni, akaja akaniketisha, akanikanda miguu damu irudi. Akasema, "Wangu saba wananitosha, wananichosha hata kuwalisha. Ila binamu, mbwa itabidi nimtafutie jina jingine. Hili limepata mwenyewe."

Nililia. Mbele ya Ratu, mbele ya wote. Kolekole alikuwa mtamu, nasikia. Mimi sikuweza kumeza.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala, nimefikiri, na sasa naona mambo kwa usahihi.

Ni hotuba iliyofanya kazi. Ni wazi! Maciu alikuja pale na jina lake tayari mdomoni, ila salamu zile zilimwingia moyoni, akashindwa. Kama ningekuwa nimesema kwa ufupi, tungekuwa na Maciu wa nane leo. Nimemweleza Vasemaca hivyo. Kanitazama, kaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Maciu kapita asubuhi na mbwa wake. Mbwa sasa anaitwa Betri, kwa sababu anakimbia kidogo halafu analala. Nimecheka. Leo kimechekesha kweli, sijui kwa nini. Kisha Maciu akakaa, akanionyesha kiganja chake, wino bado haujatoka vizuri: punguza mwanga, funga kurasa, zima video. Akasema alitaka kunipa Alhamisi ile ile, lakini niliondoka mbio na miiba. Nikamshukuru sana. Moyoni nikasema, hivi ndivyo mtu anavyojitetea akishindwa.

Mjukuu wangu atatimiza mwaka mwezi wa tano. Nimetazama kalenda: Jumapili! Lazima babu na somo wake azungumze, na safari hii lazima betri idumu. Hotuba nimeshaianza. Niko kwenye salamu za wakwe.

Losalini katuma picha nyingi za ubatizo. Nimefungua kila moja kwenye ukurasa wake, maana nitamfungiaje Emosi macho? Shangazi Kelera kaomba dawa ya magoti, yameanza upya. Ratu kamtuma mtu kuuliza habari za yule mfupi. Anaendelea vizuri, yuko pale pale kushoto.

Halafu nimekaa kwa utulivu kutafuta chanzo hasa cha tatizo, kwa nini betri ya laptopu inaisha haraka hivi. Kuna mambo mengi ya maana yameandikwa. Nimefungua maelezo ya wataalamu mbalimbali, nimesoma mwanzo wa kila mmoja, na yote nimeyaacha wazi niyamalize kesho.

Imezima.